Dayathemi: Moto Upitao Mwilini Pasipo Mwako

Mgonjwa aliyepasuliwa ngiri, akisha kuzinduka katika usingizi wa dawa na kupapasa bandeji iliyo kinenani mwake, aghalabu hugundua jambo jingine asilolitazamia: pajani, mbali na jeraha, pana mahali paliponyolewa nywele, pana unato kama wa plasta iliyobanduliwa, na pengine pana alama hafifu ya mraba iliyo kubwa kama kiganja. Paja lake halikuwa na maradhi, wala hakuambiwa kwamba litaguswa. Nimeulizwa habari za alama hiyo na wagonjwa wengi, wazee kwa vijana, na baadhi yao wameuliza kwa sauti ya chini, kama watu wanaochelea kwamba wametendewa jambo bila ya idhini yao. Nami nimeona kuwa ni haki yao kujibiwa kwa ukamilifu, kwa maana katika alama ile ndogo ndimo ilimo siri yote ya chombo ambacho leo ni nadra upasuaji mkubwa kufanyika pasipo nacho, na ambacho jina lake ni dayathemi.

Jina hilo limeundwa kwa maneno mawili ya Kiyunani, moja lenye maana ya kupenya kati kwa kati na jingine lenye maana ya joto, na aliyelieneza ni tabibu wa Kijerumani aitwaye Karl Franz Nagelschmidt, katika mwongo wa kwanza wa karne ya 20. Alilichagua kwa uangalifu. Joto la chupa ya maji moto au la kitambaa kilichopashwa hutoka nje na kuingia ndani, na safari yake hukoma chini kidogo ya ngozi. Bali joto la dayathemi huzaliwa ndani ya nyama yenyewe, pale umeme upitapo, hata kama waya unaouleta ni baridi. Watu wengi huchanganya chombo hiki na kile kijiti chenye waya unaotiwa moto kwa umeme hata ukawa mwekundu, kisha ukaguswa kwenye kidonda. Lakini katika kijiti kile umeme hauingii mwilini kamwe, ni pasi ndogo tu, na atakayeishika tofauti hii mwanzoni hatapotea katika yatakayofuata.

Haja ya moto katika utabibu ni kongwe. Abu al-Qasim al-Zahrawi, tabibu wa Andalusia aliyefariki mwaka 1013, alitunga kitabu cha utabibu chenye makala 30, na makala ya mwisho, ambayo ni ya upasuaji, aliifungua kwa mlango wa kutibu kwa chuma cha moto, akachora na sura za vyuma vyenyewe. Katika nchi zetu pia wapo hata leo watu wazima wenye makovu ya namna hiyo tumboni au kifuani, waliyoyapata utotoni kwa mikono ya waganga. Sababu mojawapo kubwa ya kuutafuta moto ilikuwa damu. Mpasuaji wa zama zile alikuwa na njia mbili tu za kuuziba mshipa uliokatika: auchome, au aufunge kwa uzi. Mfaransa Ambroise Paré, mpasuaji wa vitani katika karne ya 16, alipata sifa kwa kuitetea njia ya uzi wakati wenziwe walipokuwa wakichoma vigutu vya miguu iliyokatwa. Na uzi ulistahili kushinda, maana chuma chekundu hakina kiasi: huunguza kilichokusudiwa na kisichokusudiwa, na kigaga chake kikibanduka baada ya siku kadhaa damu hurudi upya. Walakini uzi nao una mipaka yake. Hufaa kwa mshipa unaoonekana na kushikika. Haufai kwa nyama ichuruzikayo damu kila pahali kama sifongo, mathalani ini, au uvimbe wa ubongo. Kilichohitajiwa ni moto wenye adabu, uendao pale tu ulipotumwa.

Umeme ulionekana mapema kuwa ungeweza kuwa moto huo, ila palikuwa na kizuizi ambacho kila mmoja wetu anakijua kwa tajriba au kwa kusikia: umeme hurusha mtu, tena huua. Umeme wa majumbani mwetu huenda na kurudi mizunguko 50 kwa kila sekunde, na mwendo huo, kwa bahati mbaya, ndio hasa uwezao kuziamsha neva, kuikaza misuli na kuuvuruga moyo. Aliyekiondoa kizuizi hicho ni mwanachuoni wa Kifaransa, Arsène d'Arsonval. Karibu na mwaka 1891 alithibitisha kwamba mizunguko ikizidishwa hata kupita 10,000 kwa sekunde, mkazo wa misuli hupungua badala ya kuongezeka, na ikizidishwa mno zaidi, mkondo mkubwa waweza kupita katika mwili wa mtu, hata kuwasha taa, naye asihisi ila vuguvugu. Neva huhitaji muda, japo mdogo sana, ili chembe zenye umeme zilizomo zisogee na kuupeleka ujumbe. Mkondo unaogeuka mara laki kadhaa kwa sekunde hauzipi muda huo, bali huzisukuma na kuzivuta pale pale zilipo, mithili ya mlango unaosukumwa na kuvutwa kwa haraka hata usipate kufunguka. Chembe zikisukwasukwa hivyo husuguana na jirani zake, na msuguano huzaa joto. Mashine za upasuaji za leo hutumia mizunguko kuanzia 300,000 hivi kwa sekunde na kwenda juu. Neva hazina habari, ilhali nyama inapata moto.

Hapa tumefika kwenye kiini, nami namwomba msomaji asiende mbio, kwa kuwa aifahamuye kanuni hii moja ameifahamu dayathemi yote, faida yake na hatari yake. Umeme hauingii mwilini ukabaki humo. Sharti uingie kwa mlango mmoja na kutoka kwa mlango mwingine. Katika namna ya dayathemi itumikayo zaidi, mlango wa kuingilia ni ncha ya kifaa kidogo ambacho mpasuaji hukishika kama kalamu, na mlango wa kutokea ni sahani laini yenye gundi, ambayo wauguzi wa thieta huiita pleti, iliyobandikwa pajani. Mkondo ni mmoja, na kiasi kinachoingia ndicho kinachotoka. Lakini kama vile maji ya bahari yanavyotulia katika ghuba pana, kisha yakifika kwenye mlango mwembamba baina ya visiwa yakaenda kwa nguvu ya kupindua ngalawa, ndivyo umeme unavyokuwa mkali penye njia nyembamba na mpole penye njia pana. Tena joto lake halikui kwa kadiri ya wembamba tu, bali kwa kipeo cha pili cha wembamba huo. Tuseme ncha ya kalamu imegusa nyama kwa eneo la milimita mraba 1, na pleti imeshika ngozi kwa sentimita mraba 100, ambazo ni milimita mraba 10,000: basi punje ya nyama iliyo chini ya ncha hupata joto mara milioni 100 ya lile lipatwalo na punje kama hiyo chini ya pleti, ijapokuwa mkondo ni huo huo. Chini ya ncha nyama huchemka. Chini ya pleti mgonjwa, hata angekuwa macho, asingehisi kitu.

Hiyo ndiyo habari ya alama ya pajani, nayo si alama ya madhara bali ya salama. Lakini hesabu hiyo hiyo ina upande wake wa pili. Pleti ikibanduka nusu, joto chini ya nusu iliyobaki huwa mara 4; ikibaki imeshika kwa sehemu moja ya kumi tu, huwa mara 100, na hapo paja huungua ilhali mgonjwa amelala, hajui, na mpasuaji ameinamia tumbo, haoni. Ndiyo maana muuguzi mwenye ujuzi huichagua sehemu yenye misuli mingi na damu nyingi, hunyoa nywele, hukausha jasho, hufuta mafuta ya nazi au mafuta mengine yoyote yaliyopakwa, wala haibandiki pleti juu ya mfupa uliochomoza, au juu ya kovu, au karibu na chuma kilichotiwa ndani ya mwili. Mashine nyingi za siku hizi huipima pleti zenyewe na kukata umeme ikilegea. Za zamani, ambazo bado zinafanya kazi katika hospitali nyingi, hazina maarifa hayo, na mlinzi wa mgonjwa ni mikono ya muuguzi peke yake. Nimeshuhudia heshima yote ya upasuaji ikipewa aliyeshika kalamu, na aliyebandika pleti asitajwe. Naona hilo ni dhuluma, kwa maana ustadi wa mmoja hauna salama pasipo ustadi wa mwingine.

Kabla ya chombo hiki kupata sura tunayoijua, palikuwa na majaribio mengi. Mwaka 1910 Edwin Beer wa New York alikwisha kuunguza uvimbe wa kibofu cha mkojo kwa mkondo wa namna hii, akiupitisha katika mrija wa kuchungulia kibofu, jambo lililowaokoa wagonjwa na kupasuliwa tumbo. Lakini aliyekitengeneza chombo kiwezacho kukata na kuzuia damu kwa pamoja, katika mikono ya mpasuaji wa kawaida, hakuwa tabibu hata kidogo. William Bovie alikuwa mtu wa elimu ya mimea na ya fizikia, akifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Harvard, na jirani yake katika mji wa Boston alikuwa Harvey Cushing, bingwa wa upasuaji wa ubongo ambaye katika zama zake hakuwa na kifani. Cushing alikuwa na mgonjwa mwenye uvimbe wa kichwa uliojaa mishipa ya damu. Alijaribu kuuondoa, akashindwa. Damu ilimzidi nguvu, naye akalazimika kukifunga kidonda na kumrudisha mgonjwa kitandani. Siku chache baadaye, tarehe 1 Oktoba 1926, katika Hospitali ya Peter Bent Brigham, alimleta tena mezani, na safari hii Bovie alikuwapo kando na mashine yake. Uvimbe uliokuwa umemshinda mtu yule hodari ulitolewa.

Kilichofuata, kwa rai yangu, ndicho kipimo halisi cha chombo: Cushing aliwarudia wagonjwa ambao hapo zamani alikuwa ameufungua uvimbe wao, akauona hautoleki, akauacha. Mwaka 1928 aliandika habari za kazi hiyo, na umashuhuri wake ukakifikisha chombo mahali ambapo pengine kisingefika upesi. Bovie yeye aliiuza haki ya ubunifu wake kwa dola moja, na alipofariki mwaka 1958 hakuwa na utajiri wowote uliotokana nao. Wapasuaji wa Marekani hadi leo huiita kalamu ile kwa jina lake, wengi wao bila ya kujua kwamba ni jina la mtu.

Kalamu hiyo hukata na hugandisha, na tofauti imo katika jinsi mkondo unavyotolewa. Mkondo usiokatizwa huipandisha chembe ya nyama ghafla kupita nyuzi 100 za Selsiasi, maji yaliyomo ndani yake hugeuka mvuke, nayo hupasuka. Chembe zikipasuka moja baada ya moja mbele ya ncha, nyama hufunguka kana kwamba imepitiwa na wembe, ijapokuwa ncha yenyewe ni butu. Mkondo ukitolewa kwa vipande, ukapita kwa muda mfupi mno na kupumzika kwa muda mrefu zaidi, nyama hupata joto taratibu, na ikipita nyuzi 60 protini yake huganda kama ute wa yai katika maji moto, mshipa hunywea, na damu hukoma. Kanyagio la njano ni la kukata, la buluu ni la kugandisha, na rangi hizo ni hizo hizo karibu duniani kote. Anayezidisha nguvu huiunguza nyama hata ikawa makaa. Makaa hushikamana na ncha, na ncha ikivutwa huondoka na kigaga, damu ikarudi, na hapo tumelirudia kosa lile lile la chuma chekundu cha wazee. Wapasuaji wema niliowaona hutumia nguvu ndogo, hugusa kidogo, na huinua mkono. Wala dayathemi haikuufuta uzi: mshipa mnene hufungwa kwa uzi hata leo, na katika hospitali zetu ambazo umeme waweza kukatika katikati ya kazi, kijana anayejifunza upasuaji na asijizoeze kufunga fundo anajifunza nusu ya kazi.

Popote penye cheche, patafutwe kinachoweza kushika moto. Katika siku ambazo etha ilikuwa ndiyo dawa ya usingizi, mvuke wake ulikuwa hatari kubwa karibu na dayathemi, na mojawapo ya neema za halothani, iliyoanza kutumiwa kwa wagonjwa mwaka 1956, ni kwamba haiwaki. Hatari iliyobaki ni spiriti ya kusafishia ngozi. Ikipakwa, ikatiririka na kutuama kitovuni au chini ya mgongo, kisha shuka zikatandazwa na kalamu ikawashwa kabla spiriti haijakauka, mgonjwa huungua kwa mwali usioonekana vema chini ya taa za thieta. Sharti ingojewe ikauke, kwa uchache dakika 3 penye ngozi tupu, na zaidi sana penye nywele. Hewa ya oksijeni inayovuja usoni mwa mgonjwa anayepasuliwa kichwa au shingo huuzidisha moto wowote. Hata utumbo mpana una gesi iwezayo kulipuka, na kwa hiyo haufunguliwi kwa kalamu ya umeme. Ama moshi unaopanda wakati nyama inapoungua, huo si harufu mbaya tu: umepatikana ndani yake sumu kama benzini na sianidi ya haidrojeni, na hata vipande vya virusi vinavyosababisha chunjua za sehemu za siri. Muuguzi hukaa katika moshi huo miaka na miaka, mgonjwa hukaa saa moja. Mrija wa kuufyonza si anasa, nao ununuliwe pamoja na mashine.

Kanuni ya mlango mwembamba ina mahali pengine inapohukumu bila huruma, napo ni tohara. Msomaji aifikirie kalamu ya umeme ikigusa govi la mtoto, na pleti iko pajani. Umeme hauna njia nyingine ya kulifikia paja ila kupita katika shina lote la uume, nalo ni jembamba, na la mtoto ni jembamba zaidi. Ukali ambao ulikusudiwa kuwa kwenye ncha hujikusanya kwenye shina, damu huganda katika mishipa yake, na kiungo chaweza kufa. Misiba ya namna hiyo imetokea na kuandikwa katika vitabu vya utabibu. Kwa hiyo dayathemi ya kalamu na pleti haitumiki abadan katika tohara, na mzazi anayempeleka mwanawe hospitali ana haki ya kuuliza, kwa adabu, ni chombo gani kitakachotumika. Kisu na uzi vyatosha. Na kama umeme ni lazima, iko namna ya pili, ambayo milango yote miwili imo katika koleo moja. Koleo hilo lina ncha mbili, umeme huingia kwa moja na kutoka kwa nyingine, na nyama inayopata moto ni ile tu iliyobanwa kati yake. Pleti haihitajiwi, na sehemu nyingine ya mwili haipitiwi na chochote. Mmarekani James Greenwood aliieleza namna hiyo mwaka 1940, na baada yake Leonard Malis akaikamilisha, na wapasuaji wa ubongo, wa macho na wa mikono hawawezi tena kufanya kazi bila ya koleo hilo.

Kwa wanaume wazee, umeme huohuo hupitishwa katika mrija kwenye njia ya mkojo, na kitanzi cha waya huichonga tezi dume iliyovimba pasipo kupasua tumbo, kazi iliyoanzishwa na Maximilian Stern wa New York mwaka 1926, mwaka ule ule wa Cushing na Bovie. Kitanzi kama hicho, lakini kipana kidogo, kina kazi ambayo kwangu ni bora kuliko zote katika nchi zetu. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani za wanawake wa Tanzania, nayo haizuki kwa siku moja; kabla yake chembe za mlango huo hubadilika, na hukaa katika hali hiyo kwa miaka. Mwanamke akipimwa na kuonekana ana mabadiliko hayo, daktari humtia ganzi mahali hapo tu, akapitisha kitanzi cha waya mwembamba chenye umeme, akaitoa sehemu iliyoharibika kwa dakika chache, nayo ikapelekwa maabara kuchunguzwa. Mwanamke hurudi nyumbani siku hiyo hiyo, na kizazi chake anacho. Nimewaona akina mama wanaoogopa kupimwa kwa kudhani kwamba jibu baya lina maana ya kutolewa kizazi. Nao wangalijua habari za kitanzi hiki, wengi wangalikuja mapema.

Iko dayathemi nyingine, isiyokata wala kugandisha, nayo ni ile ya vyumba vya fiziotherapia. Hapo mizunguko ni mingi zaidi, aghalabu 27,120,000 kwa sekunde, yaani mawimbi ya redio yenye urefu wa mita 11 hivi. Mgonjwa hakatwi wala haguswi na waya mtupu, bali huketi baina ya sahani mbili zilizofunikwa, au karibu na koili, kwa dakika 15 au 20, na goti lake au mgongo wake hupata joto kutoka ndani. Kwamba mashine hiyo ni ndugu ya redio si maneno ya kupamba. Mwaka 1940, ndege za Ujerumani zilipokuwa zikiongozwa usiku na miale ya redio iliyoitwa Knickebein kwenda kuipiga miji ya Uingereza mabomu, Waingereza, kwa kukosa vyombo vingine vya haraka, walizichukua mashine za dayathemi za hospitali na kuzigeuza ziwe za kuivuruga miale ile. Vita vilipokwisha, mataifa yalikutana Atlantic City mwaka 1947 na kuyatengea matumizi ya viwanda na utabibu masafa yake maalumu, na dayathemi ikapewa pake, isiingiliane tena na mawasiliano.

Joto hilo hupanua mishipa, huleta damu, hulegeza misuli iliyokaza na kupunguza maumivu, na mwenye baridi yabisi ya goti hutoka chumbani akiwa mwepesi. Rai yangu ni kwamba wepesi huo ni fursa, nayo ni ya saa chache: mwenye kuutumia kwa kufanya mazoezi aliyofundishwa atapata faida, na mwenye kuenda nyumbani akaketi amepata starehe tu. Lakini katika chumba hicho kuna jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi. Mashine haina kipimo cha joto lililomo gotini mwako. Mtaalamu huongeza nguvu hadi utakapomwambia kwamba unahisi vuguvugu la kupendeza, na hapo huacha. Kipimo ni ulimi wako. Anayejikaza kiume na kustahimili mwako kwa kudhani kwamba moto mwingi ndiyo dawa nyingi, anaichoma nyama yake kwa hiari. Anayesinzia hawezi kusema. Na aliyepoteza hisia kwa kisukari au kwa ukoma hajui kwamba anaungua, hivyo dayathemi ya aina hii haimfai mahali hapo, sawa na isivyomfaa mja mzito, mwenye uvimbe wa saratani, au mwenye chuma ndani ya kiungo kinachopashwa.

Juu ya wote hao yuko mwenye betri ya moyo, au mwenye waya zilizotiwa ubongoni kwa ajili ya maradhi ya kutetemeka. Mwishoni mwa mwaka 2002 serikali ya Marekani ilitoa onyo kwa hospitali zake baada ya wagonjwa wawili wenye waya hizo kufanyiwa dayathemi ya kutuliza maumivu, wakazimia, na wakafariki. Umeme ulikuwa umeufuata waya hadi ubongoni, na ncha ya waya ule ni nyembamba.

Basi wewe msomaji, utakapolazwa kwa upasuaji au kutumwa fiziotherapia, usingoje kuulizwa. Mwambie muuguzi kama una betri ya moyo, kama una chuma mfupani, kama una mimba, kama miguu yako imekufa ganzi. Vua pete, bangili, mikufu na vipini, na hirizi iliyotiwa katika chuma mpe jamaa yako akushikie. Usijipake mafuta asubuhi ya siku hiyo. Na ukizinduka, angalia paja lako: unato utatoka kwa maji na sabuni; lakini ukiona lengelenge, au maumivu, au ngozi iliyobadilika rangi na isirudi, mwonyeshe daktari siku hiyo hiyo, kabla hujaruhusiwa kwenda nyumbani.